Pikipiki Niliyoipamba Mama Akiwa Eda

Kitu cha kwanza nilichoongeza kwenye pikipiki ya marehemu baba kilikuwa kizuizi cha nguo. Ni kipande cha bati kilichokatwa nusu duara, kikatobolewa matundu madogo ili upepo upite, kikafungwa kwa skrubu ubavuni mwa gurudumu la nyuma, upande wa kushoto, ili buibui la mama lisije likanaswa na spoki. Naanza na hicho kwa sababu nataka ijulikane kwamba nilianza na nia njema. Mengine yaliyofuata siwezi kuyatetea.

Pikipiki yenyewe ilikuwa ya Kiingereza, nzito, ya chini, tangi lake pana kama mgongo wa ng'ombe. Baba aliinunua kwa meneja mmoja wa shamba la mkonge aliyekuwa akifungasha kurudi kwao. Baba hakuwa mtu wa pikipiki. Alikuwa mfanyabiashara wa mbata, mtu wa kanzu na bakora, na siku alipoileta nyumbani ikisukumwa na watu wawili, mama alicheka mpaka akakaa chini barazani.

"Bwana, na hiyo kanzu utaiweka wapi?" akamwuliza.

Baba akajibu kwamba ataipandisha mpaka magotini, na kwamba itamfaa kwendea Kaole kuangalia minazi. Aliiendesha labda mara tatu. Mwaka uliofuata, mwanzoni mwa miaka ya sabini, aliugua siku tisa akafariki.

Nilikuwa na miaka ishirini na minne, karani katika ofisi moja ya serikali hapo hapo Bagamoyo. Dada zangu wawili walikuwa wameolewa Pangani, kwa hiyo nyumbani nilibaki mimi na mama. Shangazi, dada yake baba, akahamia kwetu kumsimamia mama eda. Alimvisha nguo nyeupe, akamvua bangili, akafungia wanja na marashi kabatini, akamweka katika chumba cha ndani kinachotazama uani. Miezi minne na siku kumi mama asitoke, asijipambe, asionekane na mwanamume yeyote asiye maharimu wake. Shangazi alikuwa mkali kwa hayo kuliko askari wa lango, na kwa kuwa alikuwa amefiwa na waume wawili, hakuna aliyethubutu kumfundisha eda ni nini.

Mama alikuwa mshonaji wa kofia za viua. Kazi ile ni uzi mweupe juu ya kitambaa cheupe, tundu dogo dogo, na inataka macho. Wiki ya tatu ya eda nilimkuta ameileta kofia karibu kabisa na pua. Nikamwuliza, akasema kichwa kinamuuma upande mmoja, na kwamba chemli ikiwashwa Magharibi huiona imezungukwa na pete za rangi. Alisema hivyo bila wasiwasi, hata alisema ni nzuri. Kesho yake akamwaga kikombe cha chai kilichokuwa mkekani karibu na goti lake. Hakukiona.

"Ni machozi hayo," shangazi akasema. "Mjane gani haumwi macho?"

Nilikwenda kwa mganga wa zahanati. Alikuwa Mkristo kutoka bara, mtu mpole, aliyehamia Bagamoyo hata mwaka haujatimia. Nikamweleza.

"Pete za rangi?" akauliza. "Na vitu vya pembeni anaviona?"

Nikamwambia habari ya kikombe. Akaweka kalamu chini.

"Mpeleke Dar es Salaam kwa daktari wa macho. Mpeleke wiki hii. Maradhi hayo yanakula macho kimya kimya, na yakishakula hayarudishi."

"Mama yuko eda," nikasema.

"Eda ndiyo nini?"

Nikamfafanulia. Akauliza itakwisha lini, nikamtajia mwezi. Alinitazama kidogo. "Hakuna namna yoyote?"

"Ndiyo dini yetu, bwana mganga."

"Basi, dini yenu mnaijua wenyewe," akasema, kwa heshima kabisa, akanipa chupa ya dawa ya kutia machoni, ya kutuliza tu, akanisisitiza kwamba hiyo si tiba.

Sikumdanganya, ndivyo nilivyodhani. Lakini msikiti wetu ulikuwa hatua chache kutoka zahanati ile, na sheikh alikuwa na kawaida ya kukaa kibarazani kila siku baada ya Alasiri akingoja watu wenye masuala yao: talaka, mirathi, saumu ya mgonjwa, mbuzi aliyechinjwa vibaya. Nilipita mbele yake alasiri ile ile. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akaniuliza hali ya mama. Nikasema, "Alhamdulillahi, yuko eda." Akamwombea dua. Nikaendelea na njia yangu kwenda kwa fundi.

Nilikwenda kwa fundi kwa sababu nilikuwa nimekwisha kata shauri. Siku mama atakapotoka eda, nitampeleka Dar mwenyewe, kwa pikipiki ya mumewe, amekaa kama malkia. Basi la kwenda Dar lilikuwapo kila asubuhi, lakini lilikuwa bovu, watu na kuku wamebanana, na nilijiambia kwamba mjane wa baba yangu hatapanda takataka ile. Haya ndiyo niliyokuwa nikijiambia. Ukweli ni kwamba tangu tumzike baba mikono yangu ilikuwa haina kazi, na ile pikipiki ilikuwa imesimama uani kwetu kila nikiamka.

Fundi alikuwa mzee wa ukoo wa Kiarabu, wazee wake walitoka Oman, na kibanda chake kilikuwa nyuma ya soko. Alitengeneza makufuli, majiko ya stovu, mashine za boti, chochote cha chuma. Aliizunguka pikipiki mara mbili.

"Mama atakaa upande, au atapanda kama mwanamume?"

"Atakaa upande, mzee."

"Basi siti hii haifai. Hujafika Zinga utageuka nyuma, utakuta siti tupu."

Tuliing'oa siti ya nyuma. Fundi akatengeneza nyingine pana, yenye springi chini, tukaijaza sufi na kuivisha reksini nyekundu. Egemeo la mgongo tulilikata kutoka kwenye kitanda cha chuma kilichokuwa kimevunjika stoo kwetu, fundi akalipinda na kulilehemu kwenye keria. Chini akaweka kibao cha kukanyagia miguu yote miwili, kwa kuwa anayekaa upande hana pa kuweka mguu wa pili. Pamoja na kile kizuizi cha nguo, kazi hiyo yote ilichukua wiki mbili na siku kadhaa. Kama ningeishia hapo, pengine leo ningekuwa na la kujitetea.

Vipande vingine nilivigonga na kuvifunga mwenyewe uani kwetu, na mama alikuwa akisikia nyundo kutoka chumbani. Jioni moja, nilipompelekea maji, akaniuliza, "Basi la asubuhi siku hizi linakwenda vizuri?"

"Basi la nini, mama? Nakutengenezea cha kwako."

"Haya, mwanangu," akasema.

Baada ya siti nikaona upepo utampiga kifuani. Nikataka kioo cha mbele. Bagamoyo hakikuwapo, maduka yalikuwa yameanza kuwa matupu hata sabuni ilikuwa taabu, sembuse vikorokoro vya pikipiki. Fundi akaniambia niende Gerezani, Dar, kwa wauza vyuma chakavu. Nikaenda Jumamosi. Nikakipata, cha plastiki nene, kimepasuka pembe moja, kilitoka kwenye pikipiki ya polisi iliyogongwa. Nikarudi nacho nimekipakata mapajani, kwa basi.

Nilikwenda Dar mara saba katika miezi ile. Mara zote saba nilipanda lile lile basi la asubuhi, na mara zote saba nilikuwa nimerudi kabla ya Magharibi. Mara moja njia ilinipitisha mbele ya lango la hospitali. Niliwaona wagonjwa wa macho wamekaa kwenye benchi wakiwa na bandeji, wamepanga mstari, na nikawapita haraka kwa sababu nilikuwa nimebeba mabomba mawili ya moshi begani na yalikuwa yanaunguza kwa jua.

Ndiyo, mabomba mawili, maana lile moja la asili niliona halina sauti. Baharia mmoja bandarini aliniuzia taa mbili za pembeni zenye vikombe vya kung'aa. Nikazifunga. Nikabadilisha hendeli, nikaweka ndefu zilizoinuka juu, ukizishika mabega yanakaa kama ya mtu aliyeitwa jina lake kwenye mkutano. Nikaweka vyuma vya kukinga miguu mbele ya injini, nikavisugua kwa majivu na limau mpaka nikaona meno yangu ndani yake. Fundi viatu akanishonea mikoba miwili ya ngozi ya kuning'inia nyuma, eti ya nguo za mama. Vioo vya pembeni vilikuwa viwili, vikawa vinne. Mwisho nikaweka vishada vya plastiki kwenye ncha za hendeli, vyekundu na vyeupe, na sina la kusema kuhusu vishada.

Fundi mzee alianza kuchoka nami. "Hii kazi ya mama tulikwisha maliza," akaniambia siku niliyomletea taa. "Sasa tunamfanyia nani?"

Nikacheka. Mtaani nao walinitania, kwamba nimeipamba kila mahali, imebaki hina. Nilipenda utani ule. Nilikuwa nikipitia sokoni makusudi ili niusikie.

Mwezi wa tatu wa eda mama aliacha kushona. Alisema amechoka na kofia. Shangazi alimshika mkono kumpeleka msalani na kumrudisha, akasema ni udhaifu wa kufiwa, na mimi nikaona ni vema kukubaliana naye. Siku moja ya mchana, uani pakiwa hapana mtu mwingine, nikamwita mlangoni aone vyuma vya kukinga miguu. Nilikuwa nimemaliza kuvisugua. Jua lilikuwa limevipiga, vinawaka.

"Mashaallah," mama akasema. "Vimependeza sana."

Alikuwa akitazama ndoo.

Niliona. Siwezi kusema sikuona. Ndoo ilikuwa upande mmoja wa ua na pikipiki upande mwingine. Nilisimama na kitambaa changu mkononi, kisha nikajiambia kwamba ametoka gizani na jua limemuumiza. Zilikuwa zimebaki wiki tano. Nikajiambia wiki tano si kitu, na kwamba dini ni dini, na nikarudi kusugua. Kama kuna dakika moja katika maisha yangu ningepewa kuirudia, nisingeomba ya kifo cha baba. Ningeomba ile.

Siku ya kutoka eda wanawake wa mtaa walikuja wakamkogesha, wakamvalisha nguo mpya, wakamfukiza udi. Kesho yake asubuhi nilimpandisha. Shangazi aliushika mkono wake na kuuweka kwenye egemeo, kisha akaushika mguu wake na kuuweka kwenye kibao, kama unavyomfanyia mtoto. Watu walitoka kuangalia. Pikipiki ilinguruma vizuri kweli kweli, na mimi, Mungu anisamehe, hata asubuhi ile nilikuwa bado na fahari.

Njiani mama hakusema mengi. Kila tulipopita mahali penye kelele aliniuliza ni wapi, nikamtajia: Zinga, Kerege, Mapinga. Hakuuliza kuhusu pikipiki. Alinishika kiunoni kwa mkono mmoja, kwa nguvu kuliko nilivyotegemea. Buibui lilibaki salama, upepo haukumpiga, kibao hakikutikisika. Kila kitu tulichomtengenezea kilifanya kazi yake.

Daktari wa macho alimweka mbele ya chombo chake kwa muda mrefu. Akamulika jicho la kulia, akamulika la kushoto, akarudia la kulia. Akamwuliza anaona vidole vingapi. Mama akasema vitatu. Daktari hakuwa ameinua mkono.

"Ilianza lini?" akaniuliza mimi.

Nikamwambia.

"Miezi minne. Mlikuwa wapi miezi minne?"

Mama akajibu kabla yangu. "Nilikuwa eda, daktari. Mwanangu hana kosa."

Daktari akasema jicho la kulia limekwisha. La kushoto limebakiwa na tundu dogo katikati, kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo, nalo atalijaribu kwa dawa na pengine kwa kisu, lakini hatoi ahadi. Akasema angempata wiki ile ya pete za rangi angeyakuta yote mawili mazima. Hakusema kwa hasira. Alisema huku anaandika.

Nilimpeleka tena na tena. Dawa zilitiwa, kisu kilipita, na kabla ya masika mengine lile tundu nalo likaziba. Mama alikuwa na miaka arobaini na sita.

Sheikh alikuja kumjulia hali siku zile za mwisho za jicho lile. Alikaa barazani, mama ndani ya mlango, wakasalimiana na kuulizana habari kwa utaratibu wake wote. Kisha nikamsindikiza mpaka njiani, na hapo ndipo aliponiuliza kwa nini tulichelewa.

"Alikuwa eda, sheikh."

Akasimama. "Na nani aliyekuambia mgonjwa aliye eda hapelekwi kwa tabibu?"

Sheikh akaendelea.

"Anatoka mchana anatibiwa, jioni anarudi nyumbani kwake. Hiyo ni dharura, kijana wangu. Hata watoto wa chuo cha Kurani wanalijua. Ungeniuliza ningekujibu hata bila kusimama." Akangoja. "Hukuniuliza."

"Sikuuliza."

Akanishika bega, na mkono wake ulikuwa mzito, akaenda zake. Hakunikemea. Nilitamani anikemee mbele za watu wote wa msikiti ule.

Nilikaa na neno lile siku nyingi. Nilikonda. Niliifungua pikipiki vioo, taa, vishada, nikavitupa nyuma ya choo, kana kwamba vyuma ndivyo vilivyokosea. Shangazi alikuwa amekwisha rudi kwake, na sikumwambia kitu. Angekufa kwa uchungu, na yeye alisema tu alichofundishwa. Mimi ndiye niliyeambiwa na mganga, ndiye niliyempita sheikh, ndiye niliyepanda basi mara saba.

Mwishowe, asubuhi moja baada ya kumnywesha chai, nikaona siwezi tena. Nikapiga magoti mkekani mbele ya mama nikamweleza yote. Nikamwambia maneno ya mganga, na kwamba nilipita kibarazani kwa sheikh mdomo wangu umefumba. Nikamwambia alichosema sheikh, kwamba angeweza kutoka siku ile ile ya kwanza. Nikamwambia ni mimi niliyempofusha.

Alisikiliza uso wake ukielekea kidogo pembeni yangu, kama ilivyokuwa siku zote tangu yale. Nilipomaliza akasema, "Nilijua."

Nikadhani hakunielewa. Nikaanza kumweleza tena.

"Nimekusikia," akasema. "Nakuambia nilijua. Mama yangu alivunjika mguu akiwa eda ya babu yako. Walimchukua kwa machela mpaka hospitali, mchana kweupe, sheikh wa wakati ule mwenyewe ameshika mti mmoja. Mimi nilikuwa msichana, ndiye niliyembebea mto. Nilijua tangu mwanzo."

"Mbona hukuniambia, mama?"

 Akapapasa mkeka akautafuta mkono wangu.

"Ulikuwa unaimba," akasema. "Baba yako alipokufa ulikaa siku nyingi hujafungua kinywa, chakula nakiona kinarudi vile vile. Niliogopa nitakuzika na wewe. Halafu ukaanza kugonga vyuma vyako pale uani, nikakusikia unaimba. Nikasema ngoja amalize kipande hiki, nitamwambia tukapande basi. Ukimaliza kimoja, unaleta kingine."

Nikamwuliza ni kipande kipi kilichomfanya aone tumekwisha chelewa. Akafikiri kweli kweli, kwa sababu alikuwa mtu asiyependa kujibu ovyo, akasema hakumbuki, maana vile vya mwisho hakuviona.